Mke wa askari, mbali na kwao: mwongozo wa kuendesha nyumba kambini

Habari ya uhamisho kwangu ilikuja baada ya wali wa nazi. Baba watoto alirudi saa kumi jioni, akavua buti mlangoni, akala akamaliza, akanawa, ndipo akasema: "Mama, signali imetoka. Songea." Nikauliza lini. "Tarehe mosi niripoti." Tulikuwa na siku 19, watoto wawili shuleni, mimba ya miezi minne, na kuku 40 wa mayai ambao hakuna aliyewauliza kama wanapenda Songea.

Mimi ni Mbondei wa Muheza, Tanga. Niliolewa na askari wa JWTZ, jeshi letu la Tanzania, mwaka 2010, tukaanzia Dar es Salaam, tukaenda Tabora, na sasa tuko Songea, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mlangoni kwa mama yangu. Ninamwandikia binti aliyeolewa juzi, ambaye bado anadhani kuolewa na askari ni suala la kufua kombati. Mengine ni ya jeshi letu, lakini mwenzetu ambaye mumewe ni wa KDF, jeshi la Kenya, na yuko Garissa au Isiolo ataona mengi yanamgusa.

Katika kila hatua nitakurudisha kwenye maswali mawili. Kabla hujanunua, hujaanzisha wala hujajiunga na kitu chochote, uliza: kitapanda lori? Na je, kitaendelea siku ambazo mume wangu hapatikani? Nilichelewa kuyajua, na kuchelewa kwangu kulinigharimu fremu ya duka. Nitaifikia.

Hatua ya 1: Faili nyuma ya mlango

Karatasi kwanza, vyombo baadaye. Nunua faili la plastiki lenye mifuko, lining'inize kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani, na kila mtu mzima nyumbani ajue lilipo. Weka cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala za vitambulisho vya NIDA vyenu wote wawili, kadi za kliniki, namba za PReM (za utambulisho wa mwanafunzi) za watoto walio shule, na picha ndogo chache za kila mmoja. Ongeza karatasi moja ya mwandiko wako mwenyewe: namba ya jeshi ya mume wako, cheo chake, namba ya kikosi chake, na namba za simu za watu watatu wa kikosini. Piga picha kila kitu pia, lakini usitegemee simu peke yake. Simu huibwa stendi. Faili hakuna anayelitaka.

Kuhusu cheti cha ndoa sitaki mzaha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za dini, za mila na za serikali, na kifungu chake cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakaonekana na watu kuwa ni mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mabinti wengi wanaegemea hapo. Dhana hiyo utaibeba mahakamani ukiwa na mwanasheria. Karani wa kikosi yeye anataka cheti. Ndoa ya msikitini au kanisani hakikisha imesajiliwa. Ya mila ndiyo mara nyingi watu huisahau kabisa, na ndiyo yenye kazi zaidi kuthibitisha baadaye.

Sasa jambo ambalo ningetamani mtu anishike sikio aniambie mapema. Kijana anapoingia jeshini hana mke. Anapoulizwa ndugu wa karibu anaandika mama yake, au kaka yake mkubwa. Baadaye anaoa, anazaa, anapanda cheo, na ile karatasi inabaki vilevile. Si ubaya, ni kusahau. Tabora nilikuwa na jirani tuliyemwita Mama Pacha. Baada ya miaka saba ya ndoa aligundua kwamba kwenye kumbukumbu za mumewe yeye hayupo kabisa, na katika watoto wanne wamo wawili. Walirekebisha kwa asubuhi moja tu. Kwa hiyo subiri siku ametulia, ameshakunywa chai, umuulize kwa sauti ya kawaida: "Baba, kule kikosini ulinijaza?" Akinuna, mwache anune. Kesho uliza tena.

Hatua ya 2: Lori

Uhamisho una haki zake za malipo, lakini wewe panga nyumba yako kana kwamba pesa itafuata nyuma. Weka akiba isiyoguswa ya kutosha nauli ya familia nzima, chakula cha wiki mbili na godoro moja. Sisi yetu tuliita "pesa ya signali", na hata sukari ikiisha haikuguswa.

Cha kubeba kinajulikana: magodoro, sufuria, ndoo, nguo, mtungi wa gesi ukiwa mtupu, cherehani. Gumu ni cha kuacha. Kabati la vyombo lenye vioo nililinunua Dar kwa mbwembwe, likapanda treni kwenda Tabora likafika likiwa na kioo kimoja kati ya sita. Tangu hapo kitu kisichopita mlangoni bila kuvunjwavunjwa sinunui. Kochi kubwa? Uza. Utanunua la mtu mwingine anayehama, maana kambini kila mwezi kuna anayehama, na bei za siku mbili za mwisho ni za kuokota. Wale kuku 40 niliwauza kwa mama lishe mmoja kwa siku moja, kwa hasara, na sikulia.

Shule ndiyo inayoumiza kichwa. Mtoto wa darasa lisilo la mtihani huhama bila taabu kubwa: unapata barua ya shule anayotoka, shule anayokwenda inathibitisha nafasi, na namba yake ya PReM inamfuata kwenye mfumo. Mtoto aliyekwisha sajiliwa kwa mtihani wa taifa ni habari nyingine, kwa sababu kituo chake cha mtihani kimeshapangwa. Huyo ama abaki kwa ndugu amalizie, ama baba atangulie na nyinyi mfuate mtihani ukiisha. Sisi tuliwahi kutengana miezi minne kwa ajili ya darasa la saba. Watu wakasema ndoa ina mgogoro. Waache, mdomo haulipiwi kodi.

Kuhusu safari yenyewe, tangu mabasi ya usiku yaliporuhusiwa tena mwaka 2023 unaweza kuchagua. Ukiwa na watoto wadogo chagua basi linalopita Kitonga mchana, wataangalia mabonde na hawatakusumbua. Malimao mawili ya kunusa kwa wanaotapika, na mifuko ya kutapikia zaidi ya unayodhani unahitaji.

Hatua ya 3: Getini, na wiki ya kwanza ndani

Huenda msipate kota siku mnayofika. Nyumba hutolewa kwa nafasi na kwa cheo, kwa hiyo kuanza kwa kupanga uraiani miezi michache ni kawaida. Usilipe kodi ya mwaka. Sikia kilio changu: miezi mitatu mitatu, na mwenye nyumba akikataa tafuta mwingine.

Ukishaingia kambini, jifunze saa za pale. Baragumu ikilia asubuhi bendera inapopanda na jioni inaposhuka, unasimama ulipo, kimya, mpaka imalizike. Jioni yangu ya kwanza nilikuwa natoka bombani na ndoo kichwani. Nikaona watoto wanaocheza wameganda kama wamepigwa picha, mmoja mguu wake uko juu ya mpira. Mimi nikaendelea kutembea, flipu-flopu, flipu-flopu, sauti pekee iliyosikika kambi nzima. Mtoto wa miaka kama sita akaninong'oneza: "Mama, simama." Nikasimama. Maji yakanimwagikia shingoni.

Kupiga picha hovyo ndani ya kambi usithubutu, hata ya mtoto wako akicheza, kama nyuma yake kuna majengo au magari ya kazi. Nguo za jeshi anika uani mahali unapoziona, uzihesabu ukizitoa kambani, na usimpe mdogo wako fulana au kofia "avae tu nyumbani". Raia kuvaa sare za jeshi, au zinazofanana nazo, ni kosa la kisheria. Mwaka 2023 jeshi lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Wifi yako atakuomba ile jaketi ya mabaka. Mwambie hapana na umpe kanga.

Wageni wote huandikishwa getini, na hapa kuna kisa cha mama yangu. Alikuja Songea nilipokaribia kujifungua, ana mkungu wa ndizi, nazi ishirini na kiroba cha machungwa ya Muheza. Kijana wa lindo akamuuliza kwa adabu: "Shikamoo mama. Unakwenda kwa nani?" "Kwa mwanangu." "Anaitwaje?" Mama akataja jina langu la utotoni, ambalo kambi nzima hakuna anayelijua. "Mumewe ni nani, mama?" "Ni askari." Pale getini, mwaya, askari! Nilipofika alikuwa kwenye benchi kivulini, ameshawamenyea machungwa, anamuuliza kijana kwao wapi na kama ameoa. Tangu siku hiyo kila mgeni wangu ninamtumia ujumbe wenye cheo cha mume wangu, majina yake yote, kikosi na namba ya nyumba, na ninakwenda kumsubiri getini mwenyewe.

Wiki ya kwanza nenda nyumba tatu tu: jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na kwa mama anayeongoza wenzake. Usiende mikono mitupu. Mimi hupeleka vitumbua. Utakutana na akina mama wanaovaa vyeo vya waume zao. Mwenye mume mkubwa atataka kiti cha mbele, na mwenye mume mdogo atajiona hastahili kuongea. Salimu wote sawasawa, shikamoo ifuate umri na si nyota za begani, na mambo ya kikosini usiyaulize kwenye foleni ya maji. Ukijua kitu kuhusu nani anahamishwa, kimezee. Umbea wa kambini haubaki kwa wanawake. Kesho asubuhi mumeo ataukuta ofisini.

Na usijifungie. Jirani aliyeko hatua ishirini ndiye atakayebeba mtoto wako mwenye degedege saa nane usiku, sio dada yako wa Tanga. Ukipika ugawe, ukiombwa chumvi utoe, harusi na misiba ya pale ihudhurie kama ya kwenu.

Hatua ya 4: Kula kama wa pale

Tabora nilijifunza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na mboga ya karanga. Asali ya kule ilinifanya nisahau sukari kwa muda. Songea ilinitesa kwanza kwa baridi, Juni na Julai, sisi wa pwani tuliozaliwa na jasho. Nunua blanketi na masweta ya mtumba kabla ya Mei, bei ikiwa bado ina aibu. Na jiko la mkaa usilale nalo chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, hata baridi ikikung'ata. Hewa yake ya sumu haina harufu na haimwamshi mtu.

Nazi zipo sokoni Songea, ila bei yake inakufundisha kuheshimu tui. Nilihangaika miezi mitatu nikitaka kula Kitanga, pesa ya chakula inaisha tarehe 20. Kisha nikaacha ubishi. Mboga nikaunga kwa karanga, maharage nikanunua kwa debe, samaki nikahamia kwa mbasa na usipa wa Ziwa Nyasa wanaopandishwa kutoka Mbamba Bay kupitia Mbinga. Nazi ikabaki ya Ijumaa na ya sikukuu.

Mahindi nunua wakati wa mavuno, kuanzia Juni, gunia za kuwatosha mpaka msimu mwingine, uyakaushe vizuri na kuyaweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Ukisubiri Januari utanunua mahindi yaleyale kwa bei ya mtu mwenye njaa. Mume akiitwa safari ghafla, nyumba yenye gunia nne ndani haitetereki.

Hatua ya 5: Kazi yenye miguu

Hapa ndipo penye kosa langu kubwa. Tabora nilikodi fremu nje ya kambi, nikalipa kodi ya mwaka mzima, nikapaka rangi, nikaweka rafu za mbao na tanki la maji, nikauza vifaa vya shule. Mwezi wa tano mume akapangiwa kazi mbali na sisi tukatakiwa kuachia nyumba. Mwenye fremu hakurudisha hata senti, na rafu akasema ni mali ya ukuta wake. Biashara ilikuwa nzuri. Tatizo haikuwa na miguu.

Tangu hapo nachagua kazi zinazoingia kwenye sanduku. Ushonaji ni namba moja: cherehani inapanda lori, na kambini nguo za shule haziishi. Ususi hauhitaji hata sanduku. Vitumbua, maandazi na sambusa vinaanza siku ya pili ya kufika, na vinakujulisha kwa watu. Kuuza vitenge au mafuta ya alizeti kwa oda kupitia simu nako kunakwenda, mradi pesa itangulie mzigo. Kuku fuga wachache wa kula wenyewe, na kwanza uulize taratibu za pale.

Shamba la kukodi nilidhani litafeli swali la lori, lakini limefaulu. Songea mvua ni za msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa Novemba. Unakodi ekari kwa msimu mmoja tu, unajiandikisha kwenye ofisi ya mtaa au kijiji kwa mbolea ya ruzuku, unapanda, unapalilia, na Mei hadi Julai unavuna. Signali ikitoka katikati, unauza shamba likiwa na mazao kwa jirani. Mimi sasa nalima ekari mbili. Mtoto wa pwani! Mama yangu hajaamini mpaka leo.

Kama ni mwajiriwa wa serikali, mwalimu au muuguzi, kumfuata mwenza ni sababu inayokubalika ya kuomba uhamisho. Maombi siku hizi hupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma. Cheti cha ndoa kiwe tayari, pamoja na uthibitisho wa kituo cha mume, na uanze siku ileile signali ilipotoka. Usisubiri hadi mmeshafika.

Vikoba na upatu vina utamu wake na mtego wake. Kabla ya kununua hisa ya kwanza, uliza mbele ya wote: mwanachama akihamishwa katikati ya mzunguko, hisa zake anapewa lini, na mkopo wake unafanywaje? Jibu liandikwe kwenye katiba ya kikundi. Wakikuambia "hayo tutaongea yakitokea", kunywa soda yao, aga, ondoka. Kwenye upatu mimi huomba zamu za katikati. Ukipokea mwanzo ukahama na deni, jina lako litakaa kambini kuliko wewe. Ukiwa wa mwisho ukahama kabla, kijumbe, yule anayekusanya pesa, ataanza kutopokea simu.

Hatua ya 6: Anapokwenda operesheni

Askari wetu wamekwenda Darfur, Lebanon, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kwa Kongo, ni tangu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipounda brigedi maalumu mwaka 2013, Tanzania ikiwa pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Mume wangu alikwenda Kongo mwaka 2017, mimi nikabaki Tabora na mtoto wa miaka miwili na mwingine wa miaka sita.

Kabla hajaondoka kaeni usiku wa kwanza kwa ajili ya pesa. Watu wengi huachiana kadi ya benki na namba ya siri, kisha kadi inamezwa na mashine au muda wake unaisha, mwenye kadi yuko porini, na mke anabaki kukopa dukani. Bora mwende benki pamoja, ufungue akaunti yako, na aweke maagizo benki ihamishe kiasi mlichokubaliana kila mwezi yenyewe. Andikeni kiasi hicho kinalipa nini: ada, chakula, mama yake, mama yako. Pesa ya misheni yenyewe ihesabuni kuwa haipo mpaka ifike. Nimeona watu wamekopa mabati kwa pesa ya mwezi ujao, mwezi ujao ukawa miezi minne.

Usiku wa pili ni wa ujenzi, maana kila anayekwenda operesheni anarudi anataka kujenga. Mjenge wapi? Kwao, kwenu au mtakapostaafia? Mimi sikukubali kokote mpaka tulipokubaliana hati ya kiwanja iwe na majina yetu yote mawili. Shemeji zangu walinuna mwaka mzima, kisha wakazoea.

Usiku wa tatu msiongee kitu. Pikeni anachopenda, watoto walale mapema.

Akishakwenda, usimuulize yuko kijiji gani wala wanatoka lini. Usiandike hadharani kwenye simu yako tarehe za safari, idadi yao au mahali walipo, hata kwa kumwombea dua. Ujumbe ukikaa na tiki moja siku nne, ni mtandao. Rudia kwa sauti: ni mtandao. Mwekee ratiba ya kurekodi sauti badala ya kutegemea kupiga. Mwanangu mdogo alikuwa akilala baada ya kumsikiliza baba yake akimhesabia namba moja hadi kumi, sauti ileile ya sekunde kumi na tano, kila siku kwa miezi.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, eneo la Beni, ilishambuliwa, na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa. Habari ilitufikia Ijumaa. Ninachokumbuka ni milango: kila mlango wa kota ulikuwa wazi na kwenye kila mlango kuna mwanamke ameshika simu. Picha zikaanza kuzunguka, majina ya uongo, majina ya kweli, mtu anakutumia orodha na hujui aliitoa wapi. Mama Pacha alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Wekeni simu chini, njooni kwangu, leteni watoto." Tulikuwa kumi na moja kwenye mkeka wake. Mume wangu alipiga siku ya pili, sekunde kama arobaini. Aliyekuwa kushoto kwangu hakupigiwa mpaka siku ya nne, naye alikuwa salama.

Kwa hiyo zingatia sana hili, kuliko mengine yote ya hatua hii: habari nzito jeshi huileta kwa watu wanaokuja mlangoni, wakiwa wametumwa. Haiji kwa orodha ya kundi la simuni. Usifungue picha na usitume picha, kwa sababu katika kundi hilohilo yumo mke wa aliye kwenye picha. Kaeni pamoja, mtu mmoja apokee simu za ndugu wa nyumbani na kuwajibu wote neno moja: hatujapata taarifa rasmi.

Mambo ya kila siku yasisimame. Andika ukutani, kwa herufi kubwa ambazo hata mtoto anaweza kusoma, namba ya hospitali ya kambi, ya jirani wawili, na ya bodaboda mmoja unayemwamini usiku. Kama una mimba, amua kufikia mwezi wa sita: unakwenda kujifungulia kwa mama, au mama anakuja? Mimba ya kwanza mila zetu zinataka uende kwenu, na ni raha kweli kukandwa na mama yako. Lakini safari ya basi ya saa kumi na sita ukiwa na mimba ya miezi minane si mila ya mtu. Zungumza na kliniki kwanza.

Hatua ya 7: Ndugu wa mbali

Sisi Waislamu wa Tanga tunazika mapema. Baba yangu mdogo alifariki alfajiri, akazikwa saa kumi alasiri, mimi nikiwa bado natafuta tiketi. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa msiba. Baadaye nilikaa na mume wangu tukaandika misiba ya kwenda kwa vyovyote vile: wazazi wanne na ndugu wa tumbo moja. Nauli yake iko pembeni, haikopeshwi. Misiba mingine natuma rambirambi kwa simu siku hiyohiyo, napiga siku ya tatu watu wakianza kupungua, na likizo ikifika naanza na nyumba hizo kabla hata sijafungua mzigo.

Wakwe nao wana shaka yao ya kawaida: mtoto wetu anatuma pesa zote kwa kina mke. Dawa ni kiasi kidogo kisichokosa, tarehe ileile kila mwezi, na ukitume wewe kutoka kwenye simu yako. Elfu ishirini za kila mwezi zinanyamazisha maneno kuliko laki mbili za mara moja kwa mwaka. Kisha piga umwambie mama mkwe, "Shikamoo mama, mwanao kakukumbuka."

Watoto wangu huzungumza na bibi yao kila Ijumaa baada ya swala, na nusu saa hiyo ni Kibondei tu. Wakikosea anawacheka, wanarudia. Kambini wana marafiki Wangoni, Wahehe, Wasukuma na Wamakonde, na wanatukana kwa lugha tano. Angalau ya bibi waijue kwa kusalimia.

Hatua ya 8: Anaporudi

Hii haina kazi nyingi, ina subira. Ameondoka mtoto hajui kusema, amerudi mtoto anamwita "mjomba". Mwache mtoto aje mwenyewe. Wiki ya kwanza usimpangie wageni, hata kama ukoo mzima unataka kuja kumwona. Usingizi utakuwa wa vipande, atashtuka mlango ukigongwa, atanyamaza katikati ya chakula. Ikipita mwezi na hali haipungui, au ameanza kunywa kuliko zamani, au mkono unakuwa mwepesi, si aibu kumwona daktari wa kambi, na kama yeye hataki kwenda, nenda wewe kwanza ueleze.

Na usimkabidhi nyumba yote siku moja. Mwaka mzima wewe ndiye uliyejua bili ya maji, mwalimu wa darasa, deni la dukani. Yeye atataka kushika usukani asubuhi ya pili, na mtagombana kwa sababu ya mahali pa kuweka ndoo. Mrudishie kimoja kimoja. Wangu nilianza kwa kumpa kazi ya kumpeleka mkubwa shule. Alirudi saa mbili baadaye, amechoka: shule ile alikuwa ameshaihama tangu Januari, na mtoto, kwa kumheshimu baba yake, hakusema neno njia nzima.